Je, Wajua? Sindano za Kichina na mshipa wa fahamu uliobanwa

Akina mama wa Kambu na Makueni kwa jumla, nchini Kenya, wanaosokota katani na kusuka viondo huinamisha kifundo cha mkono kwa saa nyingi. Hapo kwenye kifundo, mshipa mmoja mkuu wa fahamu hupita kwenye njia nyembamba ya mifupa na ukano. Njia ikivimba, mshipa hubanwa: kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete hufa ganzi na kuwaka moto, hasa usiku. Kidole cha mwisho husalimika, na hiyo ndiyo dalili ya kuitambua shida hii.

Akupancha, tiba ya sindano nyembamba kama unywele, si ngeni kwetu Afrika Mashariki. Madaktari kutoka China walianza kazi Zanzibar mwaka 1964, na tiba hiyo ikaja nao. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2010.

Je, inasaidia? Wapo wanaopata nafuu ya maumivu. Lakini uchambuzi wa tafiti uliotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2018 ulikuta kwamba, kwa mshipa huu uliobanwa, huenda haiizidi sana sindano ya kuigiza. Sindano pia haipanui njia iliyobana.

Anza na bandeji ngumu ya kunyoosha kifundo usiku. Ukichagua akupancha, dai sindano mpya zilizofungwa. Msuli wa chini ya gumba ukianza kusinyaa, usingoje: nenda hospitali, upasuaji mdogo huifungua njia inayoubana mshipa.