SMS moja inahesabiwa kama tatu: alama ya «ng'» inaweza kuwa sababu

Wakaaji wengi wa Goma, Bukavu na Bunia wanaandikiana kwa WhatsApp. Lakini mahali intaneti haifiki vizuri, SMS ndiyo inaendelea kupeleka habari: siku ya chanjo, mkutano wa wazazi, bei za soko. Kila SMS inalipwa, na alama moja ndogo inaweza kuongeza bei bila mwandishi kujua.

Mfano ni ujumbe wa herufi 150, pamoja na nafasi, unaoomba wafugaji walete ng'ombe wao kwa chanjo. Ukiandikwa na alama iliyonyooka ('), ni SMS moja. Ukiandikwa na alama iliyopinda (’), kwa kawaida unahesabiwa SMS tatu. Ukitumwa kwa wafugaji 1.000, hizo ni SMS 3.000.

Sababu ni hii: SMS moja inabeba okteti 140 tu. Simu ikitumia orodha ya kawaida ya herufi za mtandao wa GSM, nafasi hiyo inatosha herufi 160. Alama iliyopinda haimo katika orodha hiyo. Simu ikiikuta, inaandika ujumbe wote kwa okteti mbili kila herufi, na nafasi inashuka hadi herufi 70. Ujumbe ukizidi 70, unakatwa vipande vya herufi 67, kwa sababu sehemu ya nafasi inatumika kuunganisha vipande hivyo.

Kiswahili hakiweki alama juu ya herufi zake, lakini wengi wanakichanganya na Kifaransa. Herufi é, è, à na ù zimo katika orodha. Lakini ç ndogo, ê, â na ô hazimo. Neno «élève» halibadilishi hesabu, «français» linaibadilisha. Alama « » na vikatuni vya uso vinafanya vilevile.

Mara nyingi alama iliyopinda inatoka kwenye kompyuta ya ofisi. Programu kama Word inaipindisha yenyewe, kisha maandishi yananakiliwa na kutumwa kwa simu za watu. Alama ikipinda, kubonyeza Ctrl na Z mara moja kunairudisha kuwa nyoofu.

Kwenye simu, wakati wa kuandika SMS, simu nyingi zinaonyesha namba ya herufi zilizobaki. Namba hiyo ikishuka kwa ghafula, kuna alama ngeni katika ujumbe. Inafaa kuitafuta na kuibadilisha kabla ya kutuma.

Wengine wanaandika «ngombe» bila alama yoyote. Hakuna lazima ya kufanya hivyo: alama iliyonyooka inahesabiwa kama herufi moja tu, na neno linabaki jinsi linavyotamkwa.