Reli ya vitongojini: Mipango ianze nje ya lango la kituo

Na MWANDISHI WETU

RELI mpya ya abiria inapotangazwa mjini, maswali mawili huulizwa kabla ya mengine yote: itagharimu pesa ngapi, na treni itaanza kubeba watu lini? Swali la tatu, ambalo ndilo huamua iwapo mradi utawafaa wananchi au utageuka mzigo, huulizwa kwa nadra sana. Je, abiria atafikaje kituoni, na akishuka atakwenda wapi?

Swali hili linawahusu Wakenya moja kwa moja. Mnamo Desemba 2024, Rais William Ruto alizindua ujenzi wa reli ya abiria kutoka Riruta hadi Ngong, safari ya takriban kilomita 12 iliyopangwa kupitia Lenana, Karen na Bulbul. Novemba 2020, mtangulizi wake Uhuru Kenyatta alikuwa amezindua huduma iliyoimarishwa ya treni za abiria jijini Nairobi, kwa kutumia treni za dizeli zilizonunuliwa kutoka Uhispania. Hata hivyo, mji ulio karibu nasi ambao umekwenda mbali zaidi katika jambo hili ni Addis Ababa, jiji kuu la Ethiopia, na yaliyoupata yana mafunzo mengi kwetu.

Addis Ababa ilifungua reli yake nyepesi Septemba 2015. Reli nyepesi ni mfumo wa magari yanayoendeshwa kwa nguvu za umeme unaotoka kwenye nyaya zilizotandazwa juu ya njia. Magari hayo ni mafupi na mepesi kuliko treni ya kawaida. Kwa sababu hiyo yanaweza kukata kona kali, kupanda miinuko na kupita katikati ya barabara za mji bila kuhitaji eneo pana. Gari moja la Addis Ababa hubeba abiria wapatao 280 likijaa, idadi ambayo kwetu ingehitaji matatu 20 za abiria 14.

Mfumo huo una njia mbili, moja ya mashariki hadi magharibi na nyingine ya kaskazini hadi kusini. Kwa jumla una urefu wa takriban kilomita 32 na vituo 39. Uligharimu dola milioni 475 za Marekani, na asilimia 85 ya fedha hizo ulikuwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya Uchina.

KUCHAGUA NJIA

Kazi ya kwanza ya wapangaji miji ni kuchagua njia ya kupitisha reli. Hapa kishawishi huwa kikubwa cha kufuata palipo na nafasi badala ya palipo na watu. Nafasi hupatikana kwa bei nafuu kando ya reli za zamani, kwenye mabonde ya mito na katikati ya barabara kuu. Tatizo ni kwamba watu hawaishi hapo.

Nairobi inalijua vyema tatizo hili. Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwaka wa 1899 ikiwa safarini kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria. Lengo lake halikuwa kumpeleka kibarua wa Githurai kazini Industrial Area. Mji ulikua baadaye kuizunguka, viwanda na maghala yakipewa nafasi ya kwanza kandokando yake. Ndiyo maana hadi leo treni za abiria hupita nyuma ya maghala na kuta ndefu, ilhali maelfu ya watu wanaozihitaji wako upande wa pili wa mtaa.

Wahandisi wa Addis Ababa walipitisha sehemu kubwa ya reli yao katikati ya barabara kuu. Faida ya mpango wa namna hiyo ni kuwa nyumba chache hubomolewa na ujenzi huenda kwa kasi. Hasara yake huonekana abiria anapotaka kufika kituoni, kama tutakavyoona.

VITUO VIWE VINGAPI?

Njia ikishachaguliwa, huja suala la idadi ya vituo. Reli ya mashariki hadi magharibi mjini Addis Ababa ina urefu wa kilomita 17.4 na vituo 22, yaani kituo kimoja kwa kila mita 830 hivi. Je, hivyo ni vingi au vichache?

Jibu linategemea unamuuliza nani. Kila kituo humpotezea takriban dakika moja abiria aliyemo ndani, kwani gari hupunguza mwendo, husimama, hufungua milango na kuondoka tena. Kwa hivyo, anayetoka mwisho wa reli angefurahia vituo vitano viondolewe, awahi kazini dakika tano mapema. Lakini mama anayeishi karibu na mojawapo ya vituo hivyo angelazimika kutembea dakika kumi zaidi, pengine gizani, asubuhi na jioni. Hakuna hesabu inayoweza kuwaridhisha wote wawili. Huo ni uamuzi wa kisiasa, na wananchi wanapaswa kuusikia ukitajwa hivyo badala ya kuambiwa kuwa ni mambo ya kitaalamu.

DAKIKA KUMI ZA KUTEMBEA

Wapangaji miji hutumia kipimo kimoja rahisi wanapozungumzia eneo la kituo. Mtu mzima mwenye afya hutembea karibu mita 80 kwa dakika, na watu wengi huwa tayari kutembea dakika kumi kufikia treni. Hizo ni mita 800. Ukichora duara lenye nusu kipenyo cha mita 800 kuzunguka kituo, utapata eneo la takriban hekta 200, au karibu ekari 500. Wanaoishi na kufanya kazi ndani ya duara hilo ndio wateja wa kwanza wa reli.

Hata hivyo, duara hilo huwa kwenye karatasi tu. Uhalisia una kuta, mito, mitaro na barabara za magari yaendayo kasi. Iwapo vizuizi vinamlazimu abiria kutembea mara mbili ya umbali wa moja kwa moja, dakika zake kumi zitamfikisha mita 400 pekee kutoka alikoanza. Hapo eneo linalohudumiwa na kituo halipungui kwa nusu, bali hupungua hadi robo, kutoka hekta 200 hadi 50. Ukuta mmoja usio na mlango unaweza kukifanya kituo cha mamilioni ya pesa kipoteze robo tatu ya wateja wake.

Hili ndilo fumbo la reli ya katikati ya barabara. Abiria huko Addis Ababa huona gari likipita mbele yake, lakini ili kulifikia hana budi kuvuka safu za magari na kutafuta nafasi iliyoachwa kwenye uzio. Kwa kijana ni usumbufu tu. Kwa mzee, mjamzito au mtu anayeishi na ulemavu, huenda huo ukawa mwisho wa safari.

Pasipo na kivukio salama, gharama huweza kuwa maisha ya watu. Mnamo Oktoba 30, 2013, basi liligongwa na treni mahali ambapo barabara hukatana na reli huko Mutindwa, mtaani Umoja, Nairobi, na zaidi ya watu 10 wakafariki. Ikumbukwe pia kwamba takriban safari nne kati ya kila kumi jijini Nairobi hufanywa kwa miguu. Katika mji wa namna hiyo, njia ya wapita njia, taa za barabarani na mfereji wa kuondoa maji ya mvua ni sehemu ya reli sawa na chuma chenyewe.

LANGO LENYE SERIKALI MBILI

Hapa ndipo Kenya ina ugumu wake wa kipekee. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, reli ni jukumu la serikali ya kitaifa. Lakini barabara za kaunti, taa za mitaani, maegesho, masoko na mipango ya matumizi ya ardhi katika kaunti ni kazi ya serikali za kaunti. Kwa maneno mengine, ndani ya lango la kituo kuna serikali moja, na nje ya lango kuna nyingine.

Isitoshe, reli za vitongojini hazitambui mipaka. Syokimau iko Kaunti ya Machakos, Ngong iko Kajiado, nazo Kikuyu na Ruiru ziko Kiambu. Ni kwa sababu hiyo ambapo Mamlaka ya Uchukuzi wa Jiji la Nairobi, NAMATA, ilibuniwa mwaka wa 2017 ili kuoanisha usafiri katika kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Wajibu huo ni mzito. Treni ikifika kwa wakati lakini abiria akashukia kwenye tope lisilo na taa, kosa litakuwa la nani?

Kituo cha Syokimau, kilichofunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, kilikuwa hatua kubwa. Kiliwapa wenye magari nafasi ya kuyaacha hapo na kuabiri treni hadi katikati ya jiji. Mpango huo unafaa, lakini hauwezi kuwa mfano wa kila kituo. Gari moja lililoegeshwa kutwa humhudumia mtu mmoja au wawili. Nafasi iyo hiyo ikitengewa matatu, huingia na kutoka mamia ya abiria kwa saa. Treni inaposhusha watu 280 kwa mkupuo, steji ikiwa umbali wa nusu kilomita, wengi watahiari kupanda matatu moja kwa moja kutoka nyumbani siku inayofuata.

Wachuuzi nao wasisahaulike. Katika maeneo kama Githurai na Kibera, wauzaji kwa miaka mingi wamepanga mboga, nguo na viatu kandokando ya reli. Mara nyingi wamehesabiwa kuwa kero ya kuondolewa. Lakini anayeshuka kwenye treni jioni hununua sukumawiki na nyanya njiani akielekea nyumbani, na soko litamfuata alipo. Mpango usiotenga vibanda haumwondoi mchuuzi, bali humrudisha relini, mahali pa hatari zaidi.

NANI ATAFAIDI?

Suala nyeti kuliko yote ni ardhi. Bei ya ploti karibu na kituo huanza kupanda kabla hata ya kilo moja ya chuma kutandazwa. Mwenye ploti hutajirika kwa kazi iliyolipiwa na mlipa ushuru, naye mpangaji huongezewa kodi ya nyumba. Wakazi wengi wa Nairobi ni wapangaji. Reli iliyonuiwa kumfaa mfanyakazi wa kipato cha chini inaweza kumfukuza hadi mahali ambapo haifiki.

Hong Kong ilipata njia ya kurejesha sehemu ya faida hiyo kwa umma. Shirika la reli la MTR hushiriki katika ujenzi wa nyumba na maduka juu ya vituo na kandokando yake, na mapato husaidia kugharamia reli. Kaunti zetu hazina lazima ya kuiga kila kitu, lakini zinaweza kuamua mapema ni ardhi ipi ya umma karibu na kituo itakayojengwa nyumba za bei nafuu, kabla haijanyakuliwa.

Kuhusu wanaohamishwa, kifungu cha 40 cha Katiba kinataka mwenye ardhi alipwe fidia ya haki na kwa wakati. Pia kinaruhusu fidia kwa wanaoishi kwenye ardhi kwa nia njema hata kama hawana hatimiliki. Kibera na Mukuru, ambako familia zilijenga hadi mita chache kutoka relini, mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uliwajengea waathiriwa nyumba na vibanda kandokando ya ardhi ya reli badala ya kuwatimua tu. Hiyo ni thibitisho kuwa jambo hili linawezekana palipo na nia.

BAADA YA UTEPE KUKATWA

Funzo la mwisho kutoka Addis Ababa ni la matunzo. Reli yake ilianza na magari 41. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2020, sehemu kubwa ya magari hayo ilikuwa imesimama kwa kukosa vipuri. Nauli ilikuwa ya birr chache tu, jambo lililowafaa maskini, ilhali vipuri na mkopo vililipiwa kwa fedha za kigeni. Waliobaki kituoni walisubiri kwa muda mrefu na kusongamana ndani ya magari machache. Nauli nafuu ni jambo jema, mradi ielezwe mapema ni nani atakayeziba pengo.

Kwa hivyo, mwananchi anapoalikwa kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu reli mpya, asiridhike kuonyeshwa picha za treni zinazong'aa. Aombe ramani ya kila kituo. Aulize njia ya miguu itapita wapi, steji itakuwa mita ngapi kutoka mlangoni, soko litahamia wapi, na ni ofisi gani itakayogharamia taa za nje. Aulize mpangaji ana ulinzi gani, na vipuri vitanunuliwa na nani baada ya miaka mitano.

Maswali hayo ni rahisi kuyajibu ramani ikiwa bado mezani. Saruji ikishakauka, kuhamisha mlango mmoja wa kituo hugharimu mamilioni, na abiria ataendelea kuzunguka ukuta kila asubuhi.