Kofi la Wodini na Haki ya Mja

Baada ya sala ya Ijumaa kijana mmoja alinifuata akiwa ameinamisha kichwa. Usiku aliofariki baba yake, alimpiga kofi muuguzi wa zamu akidai kuwa alichelewa kumhudumia mzee. "Sheikh, nimetubu na nimefunga siku tatu," alisema. "Je, yatosha?"

Nilimjibu kuwa bado. Dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake toba yake ina masharti matatu: kuiacha, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Dhambi inayomgusa mwanadamu ina sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenye haki haki yake au kumwomba radhi. Katika Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume (S.A.W.) alitutajia muflisi wa umma huu: atakayefika Kiyama na sala, saumu na zaka, ilhali alimtukana huyu na kumpiga yule, mema yake yatagawiwa aliowadhulumu.

Kijana huyo si peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hushambuliwa kimwili wakati fulani katika utumishi wao. Uchungu, foleni ndefu na uhaba wa dawa huchochea hasira. Wengi hawajui kwamba kitengo cha dharura humtanguliza aliye taabani zaidi, si aliyewahi kufika. Nasi tumefundishwa kuwa subira ya kweli ni ile ya pigo la kwanza la msiba.

Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika Vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria, Mtume aliamuru awekwe katika hema la Rufaida al-Aslamiyya, mwanamke aliyewatibu majeruhi, pale pale msikitini. Hiyo ndiyo hadhi ya muuguzi katika Uislamu.

Hatusemi kuwa wahudumu hawakosei. Uzembe na kauli chafu kwa mgonjwa ni dhuluma pia, na mwenye malalamiko ayafikishe kwa mganga mfawidhi. Lakini dhuluma haiondolewi kwa dhuluma.

Nilifuatana na kijana yule kwenda kuomba radhi. Muuguzi alinyamaza kitambo, kisha akasema amemsamehe. Ila tangu usiku ule huogopa kusogelea kitanda kilichozungukwa na jamaa wengi. Je, mgonjwa atakayecheleweshwa na hofu hiyo, haki yake itadaiwa kwa nani?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzuia ghadhabu zetu. Amin.