Kompyuta Nayo Hutii Amri

Askari anapoamriwa "nyuma geuka" hageuki robo, wala hamwulizi afande sababu. Amri ni fupi, kila aliyemo katika gwaride anaijua maana yake, na kosa la mwenye kuitoa huonekana papo hapo mbele ya kikosi kizima. Ndugu msomaji, kompyuta nayo yaweza kutumikishwa kwa namna hiyo hiyo. Badala ya kusogeza kipanya na kubofya vijipicha kimoja baada ya kingine, mtu hufungua dirisha liitwalo terminali, akaandika neno moja au mawili, akabonyeza kitufe cha Enter, na kazi ikafanyika.

Wengi wetu hudhani kwamba hayo ni mambo ya wahandisi. Sivyo hata kidogo. Mama aandikaye matumizi ya mwezi, karani wa masjala mwenye mamia ya barua, na kijana aliyemaliza shule ambaye yungali akingoja matokeo yake, wote wanaweza kuzijua amri kumi za mwanzo kwa muda wa juma moja. Tena kompyuta kuukuu, ambayo imeanza kuelemewa na madirisha ya rangi, aghalabu huzitekeleza amri hizi upesi.

Asili yake ni Marekani, mwaka 1969, pale Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara ya Bell walipoanza kuunda mfumo wa Unix. Siku zile mtu alizungumza na kompyuta kwa mashine mfano wa taipureta, iliyochapa juu ya karatasi herufi 10 tu kwa sekunde. Ndiyo sababu majina ya amri yalikatwa yakabaki herufi mbili au tatu. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, iliurithi mtindo huo, na kompyuta za Mac kadhalika. Aina ya Linux inayojulikana zaidi majumbani ilitolewa mwaka 2004 ikapewa jina la Ubuntu, neno la lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika. Mganda hahitaji kutafsiriwa neno hilo, kwa kuwa yeye husema obuntu, nasi katika Kiswahili twasema utu. Wenye Windows wana amri zao, kama vile dir na copy, lakini dirisha lake liitwalo PowerShell hukubali pia baadhi ya hizi tutakazozitaja.

Kwanza mtu ajue amesimama wapi. Amri ya pwd humwambia yumo katika folda gani, ls humwonyesha kilichomo, na cd humpeleka kwingine. Ukiandika cd Picha utaingia katika folda ya Picha. Ukiandika cd na nukta mbili, ukiacha nafasi katikati, utarudi nyuma hatua moja. Katika Linux herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja: Picha na picha ni folda mbili tofauti, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama siku ya kwanza wakadhani kompyuta imeharibika.

Baada ya hapo huja mkdir ya kuunda folda, cp ya kunakili na mv ya kuhamisha. Faida yake huonekana mara moja. Tuseme picha 300 za harusi zimetapakaa pamoja na barua na vyeti. Kwa kipanya ni kazi ya jioni nzima. Kwa amri ni mistari miwili:

mkdir Harusi
mv *.jpg Harusi

Kile kinyota husimama mahali pa jina lolote. Maana yake ni kwamba kila faili yenye mwisho wa .jpg na ihamie Harusi. Zikumbukwe nafasi na alama zilivyokaa, maana tutazirudia.

Lakini mimi binafsi naona hazina kubwa zaidi imo katika daftari la matumizi. Fungua faili ya maandishi matupu uipe jina la matumizi.txt, na kila ununuapo kitu uongeze mstari:

echo "5 Machi sabuni 4000" >> matumizi.txt

Mwezi ukiisha, mama akitaka kujua sabuni imenunuliwa mara ngapi, huandika:

grep sabuni matumizi.txt | wc -l

Amri ya grep huchuja mistari yote yenye neno sabuni, na wc -l huihesabu. Kile kistari cha wima kilicho katikati ndicho kiungo: huchukua matokeo ya amri ya kwanza na kuyamimina katika ya pili. Doug McIlroy, aliyekuwa katika maabara hiyo hiyo, aliandika mwaka 1964 kwamba programu ziunganishwe kama mipira ya kumwagilia bustani, na mwaka 1973 jambo hilo likatimizwa katika Unix.

Lugha yetu ina mtego wake hapa. Ukitafuta unga, kompyuta itakuletea pia mstari wa fundi aliyelipwa kwa kuunganisha bomba, kwa kuwa ndani ya neno kuunganisha mna herufi za unga. Kompyuta haikukosea, imetii ulivyosema. Weka -w baada ya grep, nayo itatafuta neno zima peke yake. Tahadhari nyingine ni ile alama ya kuongezea mstari. Zikiwa mbili, >>, mstari huongezwa mwishoni. Ukiandika moja tu, >, daftari lote la tangu Januari hufutwa na kubaki huo mstari mmoja.

Hilo lanileta kwenye kisa changu mwenyewe. Mwaka 2019 nilikuwa na folda ya picha za marehemu baba, ambaye alitumikia polisi maisha yake yote. Picha za karatasi zilikuwa zimekwisha liwa na mchwa. Zilizobaki ni hizo 64 zilizomo katika kompyuta. Ndani ya folda hiyo mlikuwamo pia takataka zenye mwisho wa .tmp, nikataka kuzifuta kwa amri ya rm. Ilinipasa kuandika:

rm *.tmp

Kidole kikagusa kitufe cha nafasi, nikaandika:

rm * .tmp

Kinyota kikisimama peke yake maana yake ni kila kitu. Kompyuta ikazifuta faili zote, halafu ikanilalamikia kwamba haikuiona faili iitwayo .tmp. Haikuniuliza neno, wala faili zilizofutwa kwa rm haziendi katika pipa la taka ambamo mtu angeweza kuziokota. Dada yangu alikuwa na picha 9 nilizopata kumtumia kwa simu. Hizo ndizo zilizorudi. Ile ambayo baba alipigwa akiwa kuruta, mama huiulizia hadi leo.

Tangu siku hiyo sifuti kabla ya kutazama. Kwanza naandika ls *.tmp ili nione majina ya yatakayofutwa. Nikiridhika, nabonyeza mshale wa juu, amri ile ile hujirudia, nami nabadilisha ls kuwa rm bila kugusa kingine. Anayeanza na atumie rm -i, ambayo huuliza juu ya kila faili na kungoja jibu la y. Asiyejua amri fulani hufanya nini, aandike man na jina la amri hiyo, apate maelezo yake; herufi q humtoa humo. Maelezo hayo ni ya Kiingereza kizito, kwa hiyo mtoto wa sekondari akae karibu.

Kabla ya hayo yote, na hasa kabla ya kumwachia kijana kibodi, chukua nakala ya folda nzima:

cp -r Picha Picha-nakala

Kisha ihamishie nakala hiyo katika flashi. Flashi yenyewe isiachwe imechomekwa katika kompyuta. Ichomoe, uifunge katika karatasi ya nailoni, uiweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati za shamba.