Kiwavi Aviziaye Kama Askari

Wakulima wa kahawa katika Afrika ya Mashariki wanamfahamu kiwavi yule akunjaye mgongo mithili ya pete, kisha akajinyoosha mbele kana kwamba anaupima mti kwa shubiri. Huyo ni mtoto wa nondo, na chakula chake ni majani.

Lakini katika visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki, wako ndugu zake walioyaacha majani, nao hula nyama. Wataalamu huwaita Eupithecia. Jamii hiyo ina aina zaidi ya 1,000 duniani, wala desturi hii ya kuvizia haijulikani kwa wenzao wa mahali pengine.

Mwaka 1972 mtaalamu wa wadudu, Steven Montgomery, alimwona kiwavi wa Hawaii akimkamata nzi. Kiwavi huyo hushika jani au kijiti kwa miguu ya nyuma, akatulia kimya, rangi yake isitofautiane na ya mmea. Hamfukuzi nzi, bali hungoja aguswe. Nzi akigusa vinyweleo vya sehemu ya nyuma ya mwili wake, kiwavi hujipinda ghafula na kumnasa kwa miguu ya mbele yenye kucha ndefu. Shambulio lote halifiki sehemu ya kumi ya sekunde. Askari aliyewahi kulala porini akimvizia adui ataielewa subira hiyo.

Kwa nini Hawaii? Visiwa hivyo vilizuka baharini kwa nguvu ya volkano, wala havikupata kuungana na bara. Amerika ya Kaskazini iko umbali wa kilometa 3,800 hivi. Sisimizi na vunjajungu hawakufika huko kwa nguvu zao wenyewe, hivyo nafasi ya mwindaji ilikuwa wazi, na vizazi vya nondo hao vikaishika.

Hata hivyo, upweke una hasara yake. Sisimizi waliletwa na vyombo vya wanadamu. Nyigu walioletwa makusudi ili waangamize wadudu waharibifu wa mazao wamewageukia pia nondo wa asili. Aliyezoea kumvizia nzi hana ngao mbele ya wageni hao, na baadhi ya aina hizo zimo katika kisiwa kimoja tu. Zikitoweka hapo, hakuna pa kuziagiza tena.

Wazazi, mkimkuta mpima shubiri bustanini, waiteni watoto wamtazame kwanza.