Graniti ya Jikoni: Soma Cheti Kabla ya Kulipa

Mnunuzi wa bamba la graniti kwa ajili ya kaunta au ngazi hutazama rangi na mng'ao, navyo havimwambii lolote kuhusu nguvu ya jiwe. Mabamba mawili yanayofanana yanaweza kutofautiana kiasi kwamba moja hudumu miaka mingi na jingine hupasuka kwenye tundu la sinki siku lile linapofungwa. Tofauti hiyo hubainika maabara.

Kwanza hupimwa unyonyaji wa maji. Vipande vya jiwe hukaushwa kwa saa 48 katika nyuzi 60 za Selsiasi, hupimwa uzito, huzamishwa majini kwa saa nyingine 48, kisha hupimwa tena. Kiwango cha Marekani, ASTM C615, hakiruhusu ongezeko linalozidi asilimia 0.40. Bamba la mita moja ya mraba lenye unene wa milimita 20 lina uzito wa kilo 53 hivi. Kwa hiyo halipaswi kunywa zaidi ya gramu 210 za maji. Linalozidi hapo hushika madoa ya mafuta kwa urahisi.

Kuhusu nguvu, wanunuzi wengi hukosea. Kiwango hicho hicho hudai graniti ihimili mgandamizo wa megapaskali 131, lakini mpindo wa megapaskali 8.27 tu. Majabali ya Mwanza yamepandana kwa karne nyingi kwa kuwa yanabeba mgandamizo. Bamba lililoachwa lining'inie bila mhimili lina hali nyingine kabisa. Jiwe hupinda kiasi kisichoonekana kwa macho, hurejea, na likivuka mpaka wake hukatika ghafla. Maabara hupima unyumbufu huo, pengine kwa kupitisha mawimbi ya sauti ndani ya jiwe: yakienda polepole kuliko kawaida, huenda mna nyufa ndogo.

Basi dai cheti kinachotaja mpindo, jiwe likiwa kavu na likiwa limelowa, na uhakikishe kinahusu jiwe la machimbo yale yale. Jina la dukani halitoshi, kwani mawe mengi meusi yauzwayo kama graniti ni gabro au doleriti. Mengine ni imara sana, ila vipimo vyake ni vyake.

Kama cheti hakipo, dondosha maji upande usiong'arishwa na usubiri dakika kumi: doa jeusi ni dalili ya unyonyaji. Jaribio hili halisemi chochote kuhusu mpindo, kwa hiyo mwagize fundi aweke mihimili chini ya kingo zinazojitokeza na chini ya vipande vyembamba vya mbele na nyuma ya sinki.