SERAMU ZA USO: Kupaka dawa juu ya dawa si kujipamba

Katika maduka ya vipodozi ya Tandika, Mbagala, Mwananyamala hadi Tegeta, siku hizi vimejaa vichupa vidogo vya kudondoshea viitwavyo seramu. Dada zetu wengi hununua vitatu au vinne kwa mpigo: cha madoa, cha chunusi, cha kung'arisha. Vyote huishia kwenye uso mmoja, usiku mmoja. Matokeo yake uso huwasha, hubabuka, na madoa huzidi pale pale yalipokusudiwa kuondolewa.

Uislamu haukatazi kujipamba ndani ya mipaka yake. Allah (SW) anapenda usafi na uzuri. Lakini dini hiyo hiyo inamkataza Muislamu kujidhuru. Hivyo ni vyema kujua vitu hivi hupakwaje.

Seramu ni nini?

Seramu ni majimaji mepesi ambayo kwa kawaida yana dawa nyingi kuliko losheni. Hupenya haraka, hapo ndipo ilipo faida yake na ndipo ilipo hatari yake. Ngozi nyeusi ikiungua kwa dawa huacha doa jeusi ambalo huweza kuchukua miezi kutoweka. Mwenye kuzidisha dawa ili aondoe madoa huyaongeza kwa mkono wake mwenyewe.

Utaratibu wa kupaka

Kanuni ni hii: nyepesi kwanza, nzito baadaye. Seramu ya majimaji hutangulia, krimu hufuata, mafuta huwa mwisho. Ukianza na mafuta, kinachofuata hakitapenya vizuri.

Kwa mwenye kuswali, saa za kupaka zinajipanga zenyewe. Baada ya swala ya Alfajiri, paka seramu ya asubuhi kama ile ya vitamini C, kisha krimu nyepesi. Ukikaribia kutoka, malizia na losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi. Ukitawadha kwa Adhuhuri na Alasiri losheni hiyo hupungua au kuondoka, basi ipake tena kabla ya kurudi juani. Baada ya Isha osha uso, ukaushe taratibu, paka seramu moja ya usiku na krimu.

Ama kuhusu wudhu, seramu iliyokwisha kunyonywa na ngozi bila kuacha utando haizuii maji. Lakini losheni za jua zisizotoka kwa maji, na vipodozi vizito vinavyoganda, huacha utando. Hivyo vioshwe kwa sabuni kwanza. Mwenye shaka amuulize sheikh wa msikiti wake.

Zisizopakwa pamoja

Retinoli hupakwa usiku tu, na mama mjamzito asiipake kabisa. Isichanganywe usiku mmoja na seramu za asidi, kama glaikoliki na salisiliki, kwani zote huchuna ngozi. Anza na seramu moja. Ijaribu kwa siku chache sehemu ndogo ya ndani ya mkono, kisha kaa nayo wiki mbili kabla ya kuongeza nyingine. Ikichoma au kuvimbisha, iache.

Mkorogo kwa sura mpya

Hatari kubwa zaidi ni kichupa au kopo lisilo na lebo, lililochanganywa na muuzaji mwenyewe. Huo ni mkorogo ule ule tunaoujua, umebadilishiwa jina tu. Ndani yake huweza kuwamo haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali kama klobetasoli. Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu huweza kuyafanya mashavu yawe meusi kuliko mwanzo. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na huweza kumfikia hata mtoto anayebebwa na mama au kufutwa kwa taulo lile lile.

Vipodozi vyenye viambato hatari vimepigwa marufuku nchini kwa miaka mingi. Kazi ya kuvidhibiti ilikuwa ya TFDA, na tangu mwaka 2019 iko chini ya TBS. Pamoja na hayo, mlinzi wa kwanza ni mnunuzi. Usinunue kitu kisicho na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Aliyekwisha tumia mkorogo kwa muda mrefu asiendelee kuufunika kwa seramu nyingine. Aende hospitali akiwa na kopo lake, maana kuacha steroidi ghafla huweza kuifanya ngozi ilipuke, na daktari ndiye atakayemwongoza.

Waume nao wana sehemu yao. Mwenye kumsifia mkewe kwa weupe tu humsukuma kwenye makopo haya. Katika Surat Ar-Rum aya ya 22, Allah (SW) anazitaja rangi zetu mbalimbali kuwa ni miongoni mwa ishara Zake. Tuilinde ngozi aliyotupa kabla ya kutaka kuibadilisha.

Wabillahi tawfiiq.